Mwenye Hisa Nyuma ya Pazia

Saa sita na robo mchana chakula cha Nana, chifu wa mji, kilipita mbele ya Araba Essilfie kikielekea chumba cha ndani, na watu wote uani wakaacha walichokuwa wakifanya. Aliyekuwa akifagia alisimamisha fagio. Wazee wawili waliokuwa wakicheza bao walinyamaza, kete mkononi. Mpishi alipita pekupeku na sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe, akabisha mlango uliokuwa wazi tayari, akasema, "Nana, chakula," akangoja kidogo kama anayesubiri jibu, kisha akaingia.

Araba alitazama saa yake. Alikuwa amekaa kwenye benchi lile tangu saa tatu. Vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, lilikuwa limeshuka juu ya mji wa Asuboa tangu juzi, jua limebaki duara jeupe lisilo na makali, na ukuta wa upande wa pili wa ua ulionekana kwa shida. Hakuna redio iliyolia, wala mtoto. Jumba la chifu lenye watu arobaini halikai kimya hivyo mchana kweupe, na Araba alikuwa ameingia katika majumba ya machifu mengi.

"Nana anakula," Wakili Badu alimnong'oneza, akijipepea kwa jalada la mkataba. "Akimaliza tunaingia. Dakika kumi tu, dada yangu. Unamwona, unatia saini, usiku uko kwako Accra unakula kenkey yako."

"Nitamwona?"

"Utamsikia. Kwa chifu ni kitu kilekile."

"Kwa fomu yangu si kitu kilekile, wakili."

Badu alicheka kwa pua. Alikuwa mwanamume mnene, msafi, mwenye tabasamu la mtu aliyezoea kungojwa.

Fomu yenyewe ilikuwa karatasi moja tu, na haikuwa na umri wa zaidi ya miezi saba. Kabla yake mtu aliweza kuuza kampuni nzima kwa jina la yeyote aliyemtaka. Idara ya wamiliki, alikofanya kazi Araba, ilipoanza kuchokonoa, ilikuta kampuni ya mbao ambayo mwenyewe ni mtoto wa miaka miwili, na kampuni ya malori iliyoandikwa kwa jina la mlinzi wa geti asiyejua kwamba ana malori sitini. Ndipo ikaja kanuni ya ana kwa ana: hisa zikizidi nusu ya kampuni, haziuzwi mpaka afisa amtie machoni mwenye mali wa kweli na kumsikia akiridhia. Swali la mwisho kwenye fomu lilikuwa fupi. Je, afisa amemwona mmiliki akiwa hai? Ndiyo. Hapana. Afisa akidanganya hapo, ni miaka mitano jela.

Waliotunga kanuni waliwaonea wafanyabiashara huruma, wakaongeza kipengele kimoja. Serikali isipotoa neno ndani ya siku thelathini, kimya chake kinahesabiwa kuwa idhini. Siku ya thelathini ilikuwa leo, na ilikuwa inakwisha saa kumi na moja jioni.

Kilichokuwa kikiuzwa ni kampuni ya Maji ya Asuboa, iliyojaza maji ya chemchemi ya mji kwenye pakiti na chupa na kuajiri watu mia nne. Sitini katika kila hisa mia zilikuwa za Nana Ofosu Dwamena. Aliianzisha kampuni hiyo akiwa bado mwalimu wa hesabu, kabla hajakalia kiti cha mababu, kwa hiyo hisa zilikuwa zake mwenyewe na si za kiti. Kwa mujibu wa mkataba, tarehe kumi na nne Novemba alizitia saini zote ziende kwa mnunuzi wa ng'ambo. Mashahidi walikuwa Wakili Badu na meneja wa kampuni, Antwi, mtoto wa dada yake Nana.

Pingamizi lilikuwa moja tu, barua ya nusu ukurasa kutoka kwa binti yake Nana, mfamasia wa Kumasi aitwaye Konadu. Aliandika: "Sijamwona baba yangu tangu Oktoba. Kila nikija naambiwa anapumzika. Za hisa mtajua wenyewe. Mimi naomba serikali inijibu swali moja. Nina baba au sina?"

Araba alikuwa polisi kwa miaka kumi na moja kabla ya kuhamia idara hii, na alikuwa amesoma barua nyingi za watu wanaogombea mali. Hii haikuwa mojawapo. Aliisoma mara mbili, akaomba gari.

*

Waliitwa saa saba kasoro.

Chumba cha nje kilikuwa kirefu na chenye giza. Mwishoni palikuwa na mlango, na mlangoni pazia zito la rangi ya damu ya mzee. Mbele ya pazia alisimama Okyeame Takyi, msemaji wa jumba, mzee mrefu mkavu mwenye fimbo yenye kichwa cha dhahabu. Mgeni hasemi na chifu moja kwa moja, wala chifu na mgeni. Maneno yote yalipita kwa Takyi, naye alikuwa ameyapitisha kwa miaka thelathini na miwili.

Feni ilikuwa ikizunguka huko ndani. Pazia lilivutwa kidogo kuelekea ndani, likarudi.

"Okyeame," Araba alisema, "mwambie Nana kwamba Araba Essilfie wa idara ya wamiliki amekuja kumsalimu."

Takyi aliligeukia pazia, akayarudia maneno hayo taratibu na kwa heshima zake zote. Nyuma ya pazia kukatoka mnong'ono, sauti ya chini isiyo na neno la kushika.

"Nana anakukaribisha," Takyi alisema. "Anauliza kama njia ilikuwa njema."

"Ilikuwa njema, ila vumbi. Muulize, je, ameuza hisa zake kwa hiari yake?"

Takyi alikunja uso kidogo, kama aliyepewa mzigo asioutarajia. Aliangalia upande wa Badu. Badu akamwashiria kwa kichwa aendelee. Takyi akapitisha swali, lakini kwa maneno machache kuliko aliyopewa. Mnong'ono ulikuja tena.

"Nana anasema mambo yake yote yako sawa."

Araba aliandika kwenye daftari: mnong'ono wa kwanza, salamu. Mnong'ono wa pili, jibu la swali nusu. "Naomba pazia lifunguliwe. Nimwone mara moja tu, kwa mbali."

"Nana anaumwa, na mgonjwa hatazamwi," alisema Badu haraka. "Dada Araba, umemsikia kwa masikio yako. Ndani ya jumba lake. Unataka nini zaidi, tumlete kwenye kiti cha magurudumu?"

Araba alifunga daftari, akainama kuchukua mkoba wake, na wakati huo, bila mtu kuuliza lolote, mnong'ono wa tatu ukatoka nyuma ya pazia. Ulikuwa mrefu kuliko ile miwili. Ulipanda kidogo mwishoni, kama swali.

Takyi hakuufasiri. Alisimama wima, akaishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Amesema nini?" Araba aliuliza.

"Hakusema na wewe," alijibu Takyi.

Araba alifungua tena daftari. Aliandika: mnong'ono wa tatu, haukufasiriwa. Akatoka nje.

*

Jiko lilikuwa nyuma ya ghala. Mpishi, Maame Fosuaa, alikuwa amerudi na sahani na sasa anaosha bakuli kwa mwendo wa mtu ambaye hana haraka maishani. Chungu kilikuwa mekoni na moto umezimwa, ndani yake viazi vikuu vilivyopondwa na mawese, na kando yake maganda ya mayai mawili.

"Harufu hiyo imenifuata mpaka benchini, mama," Araba alisema, akivuta kigoda. "Nimekaa na njaa tangu asubuhi. Hamlishi wageni hapa?"

"Wageni wanalishwa. Kuna wali pale." Fosuaa alionyesha sufuria nyingine kwa kidevu. "Hicho si chako."

"Ni cha Nana?"

"Ni cha Nana. Asubuhi na mchana."

"Kila siku kitu kimoja? Angekuwa mume wangu angenifukuza."

Fosuaa alicheka, halafu akaangalia mlangoni kama aliyejikuta akicheka mahali pasipofaa. "Ndicho anachokitaka sasa. Tangu wiki ile ya Oktoba, kabla ya Akwasidae. Jana alikula yai lote."

"Na leo?"

"Leo amegusa tu."

Akwasidae ni siku ambayo chifu hutoka kusalimiwa na watu wake, kila baada ya wiki sita. Kuanzia ile ya Oktoba, Nana Dwamena hakuwa ametoka hata mara moja. Araba alingoja Fosuaa ageuke kumwaga maji, akachovya kidole kwenye mwiko na kukilamba. Haikuwa adabu, lakini kazi yake haikuwa na adabu sana.

Kilikuwa chakula kitamu, laini, cha mtu anayejua kupika. Hakikuwa na chumvi hata chembe.

Alipoinua macho, Fosuaa alikuwa amesimama na bakuli tupu mkononi, anamtazama mdomo.

"Umeonja?"

"Nimeonja."

"Nenda kateme," alisema Fosuaa. Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Nenda pale nyuma, uteme, usukutue na maji mara tatu. Tafadhali, mwanangu."

Araba alikwenda akatema. Alisukutua mara tatu kama alivyoambiwa, na hakuhesabu kwa mzaha.

Badu alikuwa amemfuata mpaka kwenye pembe ya ghala. "Naona umeingia mpaka jikoni. Idara yenu inakagua na vyungu siku hizi?"

"Chakula cha Nana hakina chumvi."

"Ana presha," Badu alijibu bila kupepesa macho. "Daktari amempiga marufuku chumvi. Mzee wa miaka sabini na minne, ulitaka ale dagaa wa kukaushwa?"

Lilikuwa jibu zuri, na lilikuja kwa haraka mno. Araba alishukuru, akasema anakwenda kununua maji.

*

Konadu alikuwa nje ya geti, chini ya bati la kibanda, kwa kuwa hakuruhusiwa kupita hapo; asubuhi, akiingia, Araba alimwahidi kwamba atamwambia atakachokiona. Alivaa gauni la bluu la kazini. Aliposikia hatua za Araba alisimama, akashika ukingo wa bati.

"Umemwona?"

"Bado. Niambie kitu, ni cha fomu tu. Afya ya baba yako ikoje? Presha?"

"Presha ya chini. Nilimpeleka mwenyewe kliniki mwezi wa Septemba, akisimama anaona kizunguzungu. Daktari alimwambia atie chumvi hata kwenye uji." Tabasamu lilimponyoka. "Baba akasema amekutana na daktari wa kwanza mwenye akili. Kwa nini unauliza?"

"Fomu ina maswali mengi."

"Dada, mimi nauza dawa. Nikimficha mtu kitu, hubadilisha sauti kama ulivyoibadilisha sasa hivi."

Araba alishindwa kumtazama. "Nimekuahidi nitakuambia nilichokiona. Sijaona kitu. Nipe saa mbili."

Alinunua kibandani chupa ya jin, pombe kali ya tambiko, si maji. Njiani akirudi aliyapanga. Mtu mwenye presha ya chini hakatazwi chumvi, kwa hiyo wakili alisema uongo. Na hata kama angekuwa na presha ya juu, nani humwambia mgeni ateme chakula cha mgonjwa? Araba alizaliwa Cape Coast, na nyanyake alitunza kiti cha ukoo. Kila mtoto katika nyumba ile alijua kwamba sahani ya waliotangulia haitiwi chumvi wala pilipili, na aliye hai hailambi. Maame Fosuaa angeweza kubeba chakula hadharani, kubisha mlango, kungoja jibu, kusimulia kuhusu yai. Hayo yote yaliamriwa na jumba. Lakini hakuweza kumtilia marehemu chumvi ili mchezo ukamilike.

Tangu wiki ya Oktoba, kabla ya Akwasidae, na saini ilikuwa ya Novemba.

Hata hivyo, chungu si ushahidi. Mbele ya hakimu, Badu angeleta daktari wa kununua na kicheko cha bure. Na hakuna mtu ndani ya kuta zile ambaye angetamka neno lenyewe. Chifu hatangazwi mpaka jumba liwe tayari, na jumba huweza kuchukua miezi, hata mwaka. Kusema kabla ya wakati ni kosa ambalo watu wa Asuboa wasingemsamehe hata mjukuu wa aliyelisema. Araba hakuwalaumu kwa hilo. Aliyemkasirisha ni yule aliyeuona ukimya wao akafikiria saini.

*

Saa tisa kasoro alimkuta Okyeame Takyi peke yake uani, ameketi na fimbo magotini. Badu alitokea mara moja, kama aliyekuwa akilinda.

"Okyeame," Araba alisema, "uliambiwa nimekuja kufanya nini?"

"Kusalimu. Serikali hutuma watu kusalimu."

"Nimekuja kwa sababu Nana ameuza chemchemi."

Mzee alicheka kidogo. Alidhani ni utani wa Wafante, watu wa pwani ya kwao Araba. Halafu akauona uso wa Araba. Araba alimpa nakala ya mkataba, na Takyi akavaa miwani, akasoma huku kidole kikitembea chini ya maneno. Kidole kilifika kwenye saini. Kikafika kwenye tarehe, kikakaa hapo.

"Novemba," alisema Takyi.

"Tarehe kumi na nne."

"Badu." Hakuinua kichwa. "Ulisimama hapo hapo unaposimama sasa, ukaniambia ni salamu. Ukaniambia, mzee, wapo wageni wa serikali, wasijue mambo ya jumba, tuwape sauti waende zao. Nikakubali kwa ajili ya jumba."

"Na ni kwa ajili ya jumba, Okyeame. Tutaongea baadaye, sisi wenyewe."

"Kabla hamjaongea," Araba alisema, akaiweka chupa ya jin miguuni pa mzee, "naomba umimine. Wote waliokalia kiti hiki waitwe kwa majina washuhudie mauzo haya. Mauzo ni makubwa, lazima wajue. Ukimaliza nitajaza fomu yangu."

"Hilo halimo kwenye kanuni," alisema Badu.

"Kanuni inaruhusu shahidi aape kwa namna ya kwao. Kifungu cha tisa. Nikusomee?"

Badu hakutaka kusomewa. Tabasamu lilikuwa limemtoka, kwa sababu yeye pia alizaliwa huku na alijua tambiko linavyokwenda. Wanaoitwa kwa jina waje wanywe ni waliotangulia tu. Kumtaja aliye hai ni kumwombea kifo. Kumruka aliyekwenda ni kumfungia mlango mbele ya baba zake. Okyeame Takyi aliweza kumdanganya afisa, mnunuzi na binti, kwa kuwa mila ilimtaka afanye hivyo. Sasa aliwekewa mbele yake watu ambao hawadanganywi.

Wacheza bao walikuwa wameacha bao. Fosuaa alitokea mlangoni mwa jiko. Vumbi lilikuwa limezidi, na watu wengine waliokuja kusimama pembezoni mwa ua walionekana vivuli tu, Araba asiweze kusema ni wangapi.

Takyi alivua viatu, akashusha kitambaa begani. Akafungua chupa.

"Mwenyezi Mkuu, kinywaji hiki hapa. Mama Ardhi, kinywaji hiki hapa. Hatukuiteni kwa ubaya. Mtu amekuja na karatasi, anasema maji yetu yameuzwa." Alimimina kidogo, udongo ukanywa. "Nana Dwamena wa Kwanza, njoo unywe."

"Na iwe," waliitikia wazee.

"Nana Kyeretwie, njoo unywe. Nana Oware uliyechimbua chemchemi, njoo unywe, ni maji yako yanayosemwa."

"Na iwe."

"Nana Ofosu Kuma, njoo unywe."

Huyo ndiye aliyekuwa chifu kabla ya wa sasa. Hapo ndipo orodha ilipaswa kukoma. Takyi alisimama na chupa imeinama nusu, tone likining'inia mdomoni mwa chupa. Araba alisikia feni ikizunguka kule ndani, nyuma ya pazia.

"Nana Ofosu Dwamena," alisema Takyi. "Mwalimu. Njoo unywe. Hatukujua kwamba wameushika mkono wako."

Akamimina kilichobaki chote. Wazee hawakusema na iwe. Walishusha vitambaa mabegani, mmoja baada ya mwingine, na Fosuaa akajifunika mdomo kwa upindo wa nguo.

"Mzee amechoka," Badu alisema. "Amekosea. Kila mtu ameona kwamba amekosea."

"Miaka thelathini na miwili namimina," alisema Takyi. "Sijawahi kukosea jina."

Kitu kilianguka ndani ya chumba. Mlango wa ubavuni ulifunguka na Antwi, meneja wa kampuni, akatoka kwa haraka, akajikuta mbele ya ua mzima. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitano, shati limemganda mgongoni. Alijaribu kusimama kama mtu aliyekuwa akipita.

"Karibu, Nana," Araba alimwambia.

Antwi hakuweza kumtazama mjomba wake yeyote kati ya wazee wale. "Ni wazo la Badu," alisema. "Nilinong'ona tu. Mara mbili, basi. Sikusema neno lolote, afisa, hata ukiniapisha. Mara mbili."

"Nimeandika tatu."

"Mbili. Ile ya kwanza, na ulipouliza kuhusu hisa." Alimeza mate. "Ile ya tatu nilidhani ni Okyeame."

Wote walimwangalia Takyi. Mzee alikuwa akikifunga kitambaa chake upya begani, polepole. "Haikuwa yangu, ndiyo maana sikuifasiri," alisema.

Araba alitaka kuandika kitu. Kalamu ilikuwa mkononi na daftari liko wazi, lakini hakukuwa na la kuandika.

Badu akaingilia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kama mtu anayeamini anachosema. "Sawa. Sasa nisikilizeni. Mnunuzi hatangoji. Kampuni ina madeni mpaka shingoni na mashine mbili zimekufa. Jumba litachukua mwaka kutangaza, mwaka mwingine kumpata mrithi, na wosia upite mahakamani. Watu mia nne watakula nini? Sheria yako ina siku thelathini, dada Araba. Mila yetu ina miaka miwili. Mimi nimekaa katikati yao nikatafuta njia. Ungefanyaje wewe?"

"Ningeomba muda," Araba alisema. "Fomu ya kuuomba ipo, ukurasa mmoja, hailipiwi. Hukuiomba kwa sababu baada ya muda huo hisa zingekuwa za mtu mwenye uwezo wa kukataa."

Aliweka fomu juu ya paja, akaweka alama kwenye Hapana, akatia saini na saa: tisa na nusu. Akaipiga picha kwa simu na kuituma Accra. Ujumbe wa kupokelewa ulirudi kabla hajafunga kalamu.

"Sijaandika kwamba amekufa," alimwambia Takyi. "Fomu haiulizi hilo. Inauliza kama nimemwona akiwa hai, na sikumwona. Siri ya jumba inabaki ya jumba."

"Na hawa?"

"Hawa wawili wana saini ya Novemba ya kuieleza. Nitangoja ngoma zenu za kutangaza zipigwe ndipo nifungue kesi. Jalada langu halili, Okyeame, linaweza kukaa."

Takyi aliitikia kwa kichwa. Kisha akaangalia getini. "Umesema kuna binti nje."

"Sikusema."

"Anakuja kila Jumamosi. Ni mimi ninayemrudisha."

*

Alikwenda mwenyewe, na Araba akamfuata hatua chache nyuma. Konadu alimwona mzee akija kwenye vumbi bila kumwinulia mkono wa kumfukuza, na akamwona miguuni, pekupeku. Alimtazama Araba. Araba alikuwa ameahidi, lakini alipofungua mdomo hakupata neno ambalo lilikuwa lake kulisema.

"Mwanangu," alisema Takyi, "leo ni siku yako ya mwisho kukaa nje. Ukija tena utaingia mpaka kwa bibi zako."

"Kwa bibi zangu." Konadu alisubiri. "Na kwa baba?"

Mzee aliuchukua mkono wa Konadu akaushika kwa mikono yake miwili, kama watu wanavyomshika mtu katika siku fulani, na hakuuachia.

Konadu aliangalia mikono hiyo. Alijishika kwenye bati, na mdomo ukaanza kufunguka.

"Usilie hapa," alisema Takyi upesi, karibu na sikio lake. "Nisamehe. Usilie hapa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jumba litakaposema."

"Wiki ngapi, babu?"

"Sijui. Huenda mpaka mvua."

Alifunga mdomo. Konadu alitoa leso, akafuta uso wote kama mtu anayejipangusa vumbi, akanyoosha gauni la kazi. Walikuwa wameshaanza kupita wanawake wa zamu ya jioni wakielekea kiwandani, watano au sita, mitandio imefungwa puani kwa sababu ya harmatani. Mmoja alimtambua, akasimama.

"Konadu! Umetoka kumwona Nana? Anaendeleaje siku hizi, hatumwoni kabisa?"

"Hajambo," alisema Konadu. "Anawasalimu."